Ulaya ya Vitabuni na Namna ya Kuisoma

Wanafunzi wa fasihi wanaotaka kuelewa utambulisho wa Ulaya aghalabu hukimbilia kwanza kwa wananadharia. Mimi huwashauri waanze na utenzi, hasa ule wa shujaa Roland uliotungwa Ufaransa karibu na mwaka 1100, kwa sababu ndani yake msomaji huiona hadithi ikifanya kazi ambayo nadharia ilikuja kuieleza karne nyingi baadaye.

Tukio linalosimuliwa humo, yaani shambulio ambalo Roland aliuawa, lilitokea mwaka 778. Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, alikuwa amevuka milima ya Pyrenees kuingia Hispania kwa mwaliko wa watawala Waislamu waliokuwa wakipingana na amiri wa Cordoba, mtawala wa Hispania ya Kiislamu. Mji wa Zaragoza ulipokataa kumfungulia malango, aligeuka kurudi kwao, na njiani akabomoa kuta za Pamplona. Walioshambulia kikosi chake cha nyuma katika njia ya milimani ya Roncevaux walikuwa Wabaski, wenyeji wa milima hiyo, na Einhard, aliyeandika maisha ya mfalme huyo, analisema hilo waziwazi. Utenzi, uliotungwa zaidi ya karne tatu baadaye, katika zama za Vita vya Msalaba, umewaondoa Wabaski na kuweka mahali pao jeshi kubwa la Waislamu, wala haugusii kabisa kwamba mfalme aliitwa na Waislamu wenyewe. Shambulio la wenyeji wa mlimani likageuka kuwa vita vya dini mbili.

Tangu niusome utenzi huo sambamba na historia yake, kila kitabu kinachoizungumzia Ulaya nakiuliza maswali mawili: ni nani amewekwa nje ili walio ndani waonekane kuwa wamoja, na mwandishi alikuwa amesimama wapi alipokiandika. Swali la kwanza humfikisha msomaji kwa Ernest Renan, mwanazuoni Mfaransa aliyesema katika mhadhara wa Sorbonne mwaka 1882 kwamba kusahau ni sehemu ya lazima ya kuunda taifa, kisha kwa Edward Said, mhakiki wa fasihi Mpalestina-Mmarekani aliyeonyesha mwaka 1978 jinsi Ulaya ilivyojipatia sura kwa kuichora Mashariki kuwa kinyume chake. Wengi humsoma Said kana kwamba ameandika lawama tupu, ilhali ametupatia njia ya kusoma, ambayo nguvu yake hudhihirika inapowekwa mbele ya matini yenyewe.

Swali la pili lina uzito zaidi kwangu. Erich Auerbach, mwanazuoni wa fasihi Mjerumani, alifukuzwa katika Chuo Kikuu cha Marburg kwa kuwa Myahudi, akahamia Istanbul mwaka 1936, na huko, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaandika Mimesis, kitabu kinachoifuatilia fasihi ya Ulaya tangu Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, hadi Virginia Woolf, mwandishi Mwingereza wa karne ya ishirini. Basi kazi mojawapo inayobeba wazo la urithi mmoja wa fasihi ya Ulaya iliandikwa Uturuki, na mtu ambaye nchi yake ilimkana. Milan Kundera naye, mwandishi wa riwaya Mcheki aliyehamia Ufaransa mwaka 1975, aliandika mwaka 1983 kwamba Ulaya ya Kati ni sehemu ya Magharibi iliyotekwa na Urusi. Insha yake inagusa moyo, lakini isomwe kwa uangalifu, kwani Urusi imepewa humo nafasi ileile waliyopewa Waislamu katika utenzi wa Roland.

Mwenye muda mchache na asome sura ya 9 ya Einhard, ambayo ni fupi sana, kisha utenzi wote, na nadharia aiache mpaka awe ameandika kwa mkono wake mwenyewe yote aliyoyaona yamebadilika kati ya maandishi hayo mawili.