Mnaotumwa kununua krosi ya propela (kile kiungo cha msalaba kwenye shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi), someni kabla hamjatoka gereji

"Nipe krosi ya Land Cruiser." Nimeisikia tena wiki hii kwenye duka la spea hapa Unga Limited, Arusha, kutoka kwa dogo ninayempenda kwa bidii yake. Muuzaji akamuuliza ya mwaka gani, propela ya mbele au ya nyuma. Dogo akapiga simu gereji. Gereji wakajibu, "Ya kawaida." Krosi ya kawaida haijawahi kutengenezwa, wadogo zangu. Kwa hiyo shikeni haya.

1. Vipimo ni viwili. Kipenyo cha kikombe (kofia ya beringi kwenye kila ncha ya krosi), na urefu wa krosi kutoka mgongo wa kikombe hadi mgongo wa kikombe kinachokitazama. Kwa Defender kuna krosi ya milimita 75 na ya 82, na zote vikombe vyake ni vya 27. Ukipima kikombe peke yake utapanda bodaboda mara mbili. Wenye magari ya Kimarekani nao wana lao: krosi za Spicer namba 1330 na 1350 zinalingana urefu, milimita 92 na kidogo, lakini moja ina vikombe vya 27 na nyingine vya 30.

2. Klipu (zinazozuia vikombe visitoke) zikikaa nje, kwenye masikio ya yoki (uma wa chuma unaoshika krosi), pima hivyo nilivyosema. Zikikaa kwa ndani, kwenye mfereji wa kikombe chenyewe, pima mfereji hadi mfereji.

3. Tumia venia, kile kipimo kinachosoma hadi sehemu za milimita. Najua ipo kwenye droo ya bosi na bosi anaionea wivu. Kaombe.

Mimi sikuomba. Nilikuwa mgeni kazini na niliona aibu kuonekana sijui kuisoma, nikapima kikombe kwa rula ya shule. Krosi niliyorudi nayo ilikuwa na vikombe vyembamba kwa nusu milimita hivi. Kikombe kikaingia kwenye yoki kwa kidole gumba, bila vaisi, bila nyundo, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi! Nilipotikisa nikasikia kinacheza. Hapo ndipo ningesimama. Badala yake nikachukua senta panchi nikalidonoa tundu la yoki kwa ndani pande zote ili libane, nikapiga klipu, nikajaza grisi, nikafuta mikono. Fundi mkuu aliniuliza, "Dogo, imebana?" Nikasema imebana.

Gari likapakia wageni wa Ngorongoro. Mpaka Mto wa Mbu dereva hakusikia kitu. Kwenye kile kilima cha kupanda Rhotia, gia ndogo, mzigo wote nyuma, likaanza kugonga. Kikombe kilikuwa kinazunguka ndani ya yoki na kulila sikio. Bahati yetu dereva alikuwa mzee wa kazi: aliifungua propela ya nyuma pale pale barabarani, akafunga habu za mbele zishike tairi, akaweka fobai (nguvu iende na mbele), akamalizia kilima kwa kuvutwa na tairi za mbele. Wageni walipiga picha. Krosi ni spea ya bei ndogo, ila tundu la yoki lilishakuwa yai, na yoki pamoja na kubalansi propela upya vililipwa kutoka kwenye mshahara wangu kidogo kidogo. Kuhusu "imebana" yangu, fundi mkuu hakunisema neno. Alinihamishia kwenye kuosha injini.

Kikombe sahihi huingia kwa kusukumwa na vaisi. Kikiingia kwa kidole, rudisha dukani.

4. Safisha tundu la yoki ulipime nalo. Magari ya safari ya mji huu yameazimana propela miaka mingi, na aliyefunga krosi unayoitoa anaweza kuwa mtu kama mimi wa enzi zile. Pima ncha zote mbili za propela pia, usidhani zinafanana.

5. Kabla ya kufungua, weka alama kwenye shafti na kwenye flenji (bamba la boliti inapofungwa propela). Ukirudisha slaidi (sehemu ya propela yenye meno inayoteleza) imeruka meno, yoki hazitalingana na gari litatetemeka, halafu utaanza kulaumu krosi mpya.

6. Klipu ikigoma kukaa kwenye mfereji wake, usiongeze nyundo. Toa kikombe uangalie chini: mara nyingi ni sindano moja ya beringi imelala. Na nipo ya grisi (chuchu inapoingizwa grisi) ielekee upande ambao pampu inafika. Kuna mmoja wenu aliifunga imetazama flenji, nami nimemwambia gari hilo atalipaka grisi yeye.