Kwa Mwanafunzi Anayefikiria Kujiunga na Fraterniti au Sororiti Marekani

Mwanafunzi anayetoka Afrika Mashariki kwenda kusoma shahada ya kwanza Marekani huonywa kuhusu baridi, bima ya afya na bei ya vitabu, lakini ni nadra kuelezwa habari za vyama vya udugu vyenye majina ya herufi za Kigiriki, yaani fraterniti za wavulana na sororiti za wasichana. Katika vyuo vingi vyama hivi vina nyumba, ada na sherehe zao, na wanachama huendelea kushikana mkono kikazi baada ya kuhitimu. Mgeni asiye na jamaa huvutiwa upesi, wala hana kosa.

Ni vema, hata hivyo, kujua unaingia wapi. Vingi vya vyama vya zamani viliandika katika katiba zao kwamba mwanachama sharti awe mzungu, na masharti hayo yaliishi hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wanafunzi weusi waliunda vyao: Alpha Phi Alpha mwaka 1906 katika Chuo Kikuu cha Cornell, Alpha Kappa Alpha mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, na vingine vilivyofuata.

Masharti yalifutwa, lakini kura ya siri ilibaki. Mwaka 2013 gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama lilifichua kwamba msichana mweusi mwenye alama za juu alikataliwa na sororiti za wazungu, na kwamba baadhi ya wanachama walimtaka ila wahitimu wa zamani ndio waliozuia. Mwaka 2015 wanachama wa Sigma Alpha Epsilon katika Chuo Kikuu cha Oklahoma walirekodiwa ndani ya basi wakiimba kwamba mtu mweusi hataingia kwao kamwe. Nyumba yao ilifungwa, na uchunguzi wa chuo ukaonyesha kuwa wimbo huo walijifunza kutoka kwa wenzao katika safari ya melini iliyoandaliwa na chama chao cha kitaifa. Kwa hiyo tabasamu za wiki ya kusajili wanachama wapya zisikutosheleze; uliza pia wahitimu wana sauti gani katika uteuzi.

Katika nyumba za vyama hivi matusi ya wazi utayasikia kwa nadra. Utakachokutana nacho ni mzaha. Nikiwa mwaka wa pili, nyumba moja ilitangaza sherehe ya "safari": kofia za wawindaji, ngozi bandia za chui, na wavulana wawili waliokusudia kujipaka weusi usoni. Msichana mmoja aliniomba kanga zangu kwa upole kabisa, kisha akauliza kama mimi, Mwafrika halisi, ninaona ubaya wowote. Swali hilo ndilo la kuliogopa kuliko mapambo yote. Sisi hatukukulia katika historia ya waigizaji weupe wa karne ya 19 waliojipaka masizi ili kuwadhihaki watumwa, basi ni rahisi kucheka na kusema haidhuru. Na jibu lako litabebwa hadi kwa Mmarekani mweusi aliyelalamika, aambiwe kwamba hata Mwafrika hakuona tatizo. Jibu kwamba wewe si msemaji wa jambo hilo, na kanga zako zibaki sandukuni.

Kwa upande wa vyama vya weusi, Mwafrika si mgeni huko, kwani Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria, waliokuja kuwa marais wa nchi zao, walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma, mojawapo ya fraterniti za weusi. Lakini usiende ukidhani rangi yako imekwisha kukulipia kiingilio. Hudhuria shughuli zao za kujitolea, soma historia yao, na uvumilie kusubiri, kwa kuwa wengi hawapokei wanafunzi wa muhula wa kwanza.

Popote utakapokwenda, kataa mateso ya kumkaribisha mwanachama mpya, yakiwemo kulazimishwa kunywa pombe, maana majimbo mengi yanayahesabu kuwa kosa la jinai. Ukitendewa jambo la ubaguzi, hifadhi ujumbe na picha, andika tarehe, na upeleke kwa ofisi ya masuala ya wanafunzi pamoja na mshauri wa wanafunzi wa kigeni. Huyo wa pili usimruke: mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, akisimamishwa masomo kwa kosa la kinidhamu la nyumba yake, huweza kupoteza haki ya kubaki nchini, wakati mwenzake raia atarudi kwao kupumzika muhula mmoja.