Kompresa ya AC iliyojam kwenye Peugeot 505: angalia oili kabla ya kununua nyingine

Mkuu, umeeleza kwamba 505 yako ililala uani muda mrefu, siku ulipowasha AC mkanda ukapiga kelele na harufu ya raba ikajaa, na sasa fundi anakwambia ulete kompresa ya mtumba mfunge na kujaza gesi. Usitoe hela bado. Nina 505 ya 1986 iliyopita njia hiyohiyo, na kompresa inayofanya kazi humo hadi leo ni ileile iliyokuja na gari.

Swali la kwanza ni kama kompresa imejam kweli. Zima injini, legeza mkanda. Mbele ya kompresa kuna vitu viwili vinavyoonekana kama kimoja: puli inayobeba mkanda, na mbele yake sahani ya klachi yenye nati katikati. Zungusha puli peke yake. Ikigoma au ikikwaruza, ugonjwa ni beringi ya puli, na hiyo inabadilishwa bila kugusa gesi. Wapo watu wameuziwa kompresa nzima kwa sababu ya beringi tu, jambo linaloniudhi sana. Puli ikizunguka laini, hamia kwenye sahani ya mbele. Kompresa isiyo na ugonjwa inazunguka kwa mkono, na unasikia pistoni zikibana na kuachia kwa zamu. Isiposogea kabisa, hapo ndipo imejam kwa ndani. Gari bado unaweza kulitumia, chomoa tu waya wa klachi ili mtu asibonyeze swichi ya AC kwa bahati mbaya.

Sasa jambo linaloamua kila kitu: ilijam ikiwa imelala, au ilijam ikiwa kazini? Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Kompresa ya gari kama lako mara nyingi ni Sanden SD-508 (kibati kikisema Sankyo, ni jina la zamani la kampuni hiyohiyo). Ndani ina pistoni 5 zinazosukumwa na sahani ya mshazari inayoyumba, na haina pampu ya oili. Oili inabebwa na gesi, inazunguka nayo kwenye kondensa (rejeta ya mbele inayopoza gesi) na evaporeta (ile ya ndani inayotoa baridi), kisha inarudi. Gari likilala na gesi ikavuja, unyevu unaingia, oili inashuka chini, na kuta za silinda zinabaki kavu na kushika kutu nyepesi. Hiyo inapona. Lakini kama kompresa ilikuwa inazunguka kwa gesi pungufu, oili haikurudi, chuma kikasagana na aluminiamu hadi vikashikana. Hiyo haiponi, hata ukiifungua kwa nguvu itaendelea kumwaga unga wa chuma kwenye mabomba yote.

Jibu liko kwenye oili. Kama bado kuna gesi, itolewe na fundi mwenye mashine ya kuivuta. Gari la miaka hiyo lilitoka kiwandani na R12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni, na ikipita kwenye moto inatoa hewa ya sumu, kwa hiyo usiiachie hewani. Kisha shusha kompresa, fungua kifuniko cha oili kilicho ubavuni, na imiminie juu ya kitambaa cheupe kwenye mwanga wa jua. Ikiwa angavu au ya manjano, uko salama. Ikielekea wekundu wa kutu, ni unyevu, na bado kuna matumaini. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, au ukiipangusa kidoleni inang'aa kama rangi ya fedha, acha. Hapo unatafuta kompresa nyingine, na mfumo mzima lazima uoshwe kabla ya kuifunga.

Yangu ilitoka na wekundu. Niliisimamisha midomo ya mabomba ikiangalia juu, nikamimina oili safi ya kompresa kupitia tundu lenye alama S (la kuvuta gesi), nikaziba na kuiacha ilale. Wengine wanatumia dizeli au dawa ya kulegeza nati. Siishauri, kwa sababu ukishaiweka ni lazima uitoe yote, na ndani humo kuna kona nyingi. Sahani ya klachi ina matundu yenye nyuzi. Nilifunga bolti mbili, nikapitisha bapa la chuma katikati yake, nikatikisa kidogo kulia, kidogo kushoto. Usitumie soketi kwenye nati ya katikati peke yake, maana upande mmoja utaikaza na upande wa pili utaifungua. Nyundo hapana. Kuwasha injini ili mkanda "uivunje" ndiyo hapana kabisa. Mwanzoni haikusogea hata unywele, baadaye ikatoa mlio mfupi mkavu na kusogea nusu robo ya mzunguko, halafu ikaenda yote. Baada ya hapo ni kumwaga, kujaza oili safi, kuzungusha kwa mkono, kumwaga tena, hadi kitambaa kibaki safi. Kipimo cha mwisho: ziba tundu la D (la kutolea gesi) kwa kidole gumba huku mwenzako akizungusha sahani. Upepo ukisukuma kidole kwa nguvu na kwa mpigo ulio sawa, valvu zake ni nzima.

Sasa niseme kinachoua kompresa nyingi za magari haya hapa Dar. R12 haipatikani tena. Itifaki ya Montreal ya 1987 iliiwekea mwisho, na nchi zinazoendelea zilifikia ukomo wa uzalishaji mwaka 2010. Kwa hiyo unahamia R134a, gesi iliyochukua nafasi yake. Fundi anajaza R134a juu ya oili ya zamani ya madini, AC inapiga baridi, mwenye gari anaondoka kwa furaha. Lakini oili ya madini haichanganyiki na R134a. Ikishatoka kwenye kompresa inabaki imelala kwenye evaporeta na kondensa, hairudi, na baada ya muda kompresa inakauka na kujam. Gereji moja ilifanya hivyo kwenye gari la shemeji yangu, na kompresa yake haikupona. Oili ya zamani itolewe kadiri inavyowezekana na uweke ya esta, ambayo inavumilia masalia ya oili ya madini. PAG, oili nyingine ya R134a, nayo ni nzuri, ila inafyonza unyevu haraka, na kwa hewa ya pwani usiache chupa yake wazi. SD-508 inabeba oili kama cc 135.

Draya (chupa inayofyonza unyevu kwenye mfumo) ibadilishwe, hata kama inaonekana mpya. Chembe za kukaushia za draya za zamani hazikutengenezwa kwa R134a, na draya iliyokaa wazi imeshashiba maji. Oringi (raba za duara za kwenye maungio) zote weka mpya, zile za kijani. Fungua valvu ya ekspansheni, inayopitisha gesi kuingia kwenye evaporeta, uangalie kichujio chake cha waya: ukikuta tope jeusi, ujue kompresa ilikuwa inasagika hata kama oili ilikuwa haijaonyesha. Kondensa ya zamani ya bomba moja linalopinda inaosheka vizuri kwa dawa na nitrojeni, ila zile za kisasa zenye njia nyembamba nyingi haziosheki. Na usikubali dawa ya kuziba kuvuja, wala kujaziwa gesi ya jikoni. Evaporeta iko upande wa miguu yako, bomba likitoboka gesi inayowaka inaingia ndani ya gari.

Hiyo ya mtumba unayoambiwa ununue huenda imekaa kwenye vipuri vya mtumba pale Gerezani, midomo wazi kwa miezi, ikivuta unyevu. Inaweza kuwa na ugonjwa uleule wa kompresa yako, ila ya kwako angalau unajua historia yake.

Wakati wa kufunga, pima nafasi kati ya sahani na puli, iwe milimita 0.4 hadi 0.8. Klachi inapaswa kuvuta ampea kama 4. Vuta vakyumu (nyonya hewa yote kwenye mfumo) angalau dakika 45, funga geji, subiri, ona kama sindano inarudi. Jaza R134a kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito wa R12 ulioandikwa, na kabla ya kuwasha zungusha sahani kwa mkono mara kumi ili oili isije ikabanwa juu ya pistoni. Kwa joto la nyuzi 32, upande wa presha ya juu ukisoma kati ya psi 200 na 230 uko vizuri. Ukipanda zaidi, angalia feni ya kondensa kabla ya kulaumu kompresa.

Baada ya hapo washa AC dakika chache kila wiki, hata miezi ya Juni na Julai, ili sili ya shafti isikauke. Sili hiyo ikikauka ndipo gesi inapoanza kutoka taratibu bila mtu kujua.