Sindano tatu za kifundo na kosa langu la kila jioni

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimeambiwa nichomwe sindano za kukaza kano za goti, moja laki mbili na nusu, na zinatakiwa nne. Wewe si ulishachomwa? Nichomwe au nitulie?" Nikacheka, halafu nikakasirika, maana swali hilo mimi sikuwa na wa kumuuliza.

Nilikuwa mfungaji wa mpira wa pete. UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, nimekwenda mara mbili, na waliocheza nami wanajua nilikuwa sikosi. Kifundo cha mguu wa kulia kiliteguka mara ya kwanza nikiwa kidato cha tatu, nilipotua juu ya kiatu cha beki. Bibi akanichua kwa mafuta ya nazi, wiki mbili nikarudi uwanjani. Kikateguka tena. Na tena. Nilipoanza kufundisha kilikuwa kinateguka kwenye ngazi, kwenye kokoto, na siku moja niko ubaoni, nageuka tu kuandika tarehe. Darasa zima likaguna.

Kano ndizo zinazofunga mfupa kwa mfupa. Zikivutwa mara nyingi zinalegea kama lastiki ya soksi kuukuu, kiungo kinabaki kinacheza.

Ndipo nikasikia habari za prolotherapi, ndizo hizo sindano za kukaza kano. Jina hilo lilianza kuvuma miaka ya 1950 kwa daktari wa upasuaji wa Marekani, George Hackett. Wanachukua dekstrozi, sukari ile ile ya kwenye dripu ila kali zaidi, wanaichoma pale kano inaposhikana na mfupa. Nia ni kuuchokoza mwili: pavimbe, mwili udhani umeumia upya, uanze kujenga. Ipo na ndugu yake, PRP, ambapo unatolewa damu yako mwenyewe, inazungushwa kwenye mashine mpaka chembe sahani, zile za kugandisha damu, zijikusanye, kisha unarudishiwa kiungoni. Hiyo bei yake ilinishinda.

Mama yangu, ambaye ana kisukari, aliposikia akaniuliza: "Unalipia sukari? Si uje nikugawie yangu."

Nikaenda. Daktari alipapasa kwa kidole gumba mpaka nikaruka, akasema "hapo hapo". Sindano ikazama mpaka ikagusa mfupa, na unausikia, kama kijiko kimegonga sufuria. Ikarudi nyuma kidogo, ikaingia kwa pembeni. Akazunguka kifundo hivyo hivyo, mara nane kama sikosei. Usiku kilikuwa embe bolibo.

Sasa sikia ujinga wangu. Jioni ile nilimeza diklofenaki. Kesho yake tena. Ni dawa ya kuzima uvimbe, na uvimbe ndio niliokuwa nimeulipia! Sindano tatu, maana safari moja naihesabu sindano moja, kila baada ya wiki nne, na kila jioni yake mimi na vidonge vyangu. Pale kliniki hakuna aliyenionya, na mpaka leo sijawasamehe. Laki saba na nusu, zamu yangu yote ya mchezo wa kuchangiana fedha tuliokuwa tunacheza walimu. Kifundo kikabaki vile vile.

Aliyeniambia ukweli ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hospitali nyingine. Hakuuliza habari za sindano. Alisema, "Simama mguu mmoja, fumba macho." Nilihesabu tatu nikashika ukuta. Mfungaji wa UMISSETA! Akanikatia tyubu ya baiskeli: funga mguu wa kitanda, ingiza unyayo, vuta nje, rudisha taratibu. Miezi mitatu. Hiyo miezi siisimulii, inachosha kama ilivyonichosha.

Baadaye nilichomwa nyingine mbili, safari hii bila diklofenaki, kwa panadoli tu. Leo napanda ngazi na kikapu kichwani. Ni sindano au ni tyubu? Moyo wangu unataka kusema vyote viwili. Ila utafiti wa 2013 wa Marekani, watu 90 wenye magoti yaliyochakaa, ulionyesha waliochomwa dekstrozi wakiwa na nafuu zaidi baada ya mwaka kuliko waliochomwa maji ya chumvi. Halafu wa Australia wa 2021, watu 288, ukapima PRP kwa magoti ya aina hiyo hiyo, na maji ya chumvi yakafanya karibu sawa katika kupunguza maumivu. Kwa hiyo anayekuapia kwamba utapona anakuuzia.

Jamani, tunapenda sindano. Mtu hawezi kuvuta tyubu dakika kumi lakini yuko radhi kukopa achomwe. Anza na mazoezi. Muulize daktari kama kano imelegea au imekatika kabisa, maana iliyokatika ncha mbili sukari haiiungi. Muulize anaongozwa na altrasaundi au anabahatisha kwa kidole. Mtajie vidonge vyote unavyomeza, na sukari yako kama unayo. Na akikuambia sindano hiyo hiyo inatibu goti, mgongo na uzazi, chukua mkoba wako uondoke. Kisha rudi kwenye mazoezi. Nimeshasema mazoezi? Nasema tena.

Mdogo wangu uliyeniandikia, hukuniambia goti lako limelegea au limechakaa. Nijibu hilo kwanza. Na kabla hujajibu, simama mguu mmoja, fumba macho, uniambie umefika ngapi.