Bwawa la wanyamapori: ni la umma, lakini leseni lazima

SWALI: Shikamoo mshauri. Niko Colorado, Marekani, mwaka wa pili sasa. Wikendi nataka twende na mdogo wangu kwenye bwawa lililo ndani ya eneo la wanyamapori la jimbo, mimi nivue yeye awinde bata, na mwanangu wa miaka 10 atakuwepo. Jamaa zetu wanasema pale ni mali ya umma, unaingia tu hakuna anayekuuliza. Ni kweli? Mdogo wangu yuko kwa visa ya masomo, bunduki ataazima.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Hao jamaa wanakuponza, tena vibaya. Colorado walianza kudai leseni Julai 2020, na siku hizi kila mwenye miaka 16 kwenda juu akitaka kuingia kwenye haya maeneo lazima awe na leseni hai ya uvuvi au ya uwindaji, au pasi maalum ya kuingilia, hata kama anaenda kutembea tu na kupiga picha. Na mimi naona ni haki kabisa, maana hela za leseni ndo zinazotunza hayo mabwawa na nyasi wanazozalia ndege. Mtoto asiwe na wasiwasi, chini ya miaka 16 anavua bila leseni.

Sasa mdogo wako, hapa nisikilize vizuri. Sheria ya taifa inamkataza mtu wa visa ya muda kushika bunduki au risasi, ila kuna msamaha kwa aliye na leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa hiyo leseni kwanza bunduki baadae, asiiguse hata ile ya kuazima. Na ili apate leseni anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji, hiyo inamhusu kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949. Kwa bata kuna zaidi, stempu ya taifa (kibali cha kulipia cha kuwinda bata) ya dola 25, stempu ya jimbo, na namba ya usajili wa wawindaji wa ndege wahamao. Bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu, na marisau (zile punje ndogo zinazotoka bunduki ikifyatuliwa) yawe ya chuma au kitu kingine kisicho na sumu, ya madini ya risasi yalipigwa marufuku kwa bata nchi nzima mwaka 1991 kwa sababu bata walikuwa wanayameza wakidhani changarawe wanakufa taratibu kwa sumu, na tai wanaowala nao wanadhurika.

Kinachonitia hofu zaidi ni nyie wawili kuwa ukingo mmoja wa bwawa alfajiri. Kulenga bata kunaruhusiwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka linapozama, na wawindaji wanajificha kwenye matete, huwaoni. Wewe na mtoto nendeni mchana mchana, vaeni koti la rangi ya chungwa inayong'aa hata kama mvuvi halazimishwi, na mkae mbali na upande wa matete. Halafu soma kibao cha getini kabla hujatupa ndoano, mabwawa mengine wanafunga uvuvi au boti kabisa msimu wa bata, na kila bwawa lina kanuni zake za chambo na idadi ya samaki.

Kama mna boti, mkitoka majini chomoa vizibo maji yote yamwagike, toa matope na majani yote, kule wanaogopa sana kome wageni wanaoziba mabomba ya mabwawa. Na mabwawa mengi boti inakaguliwa kwanza kabla ya kushushwa, kituo cha ukaguzi kikiwa kimefungwa hamshushi hata mkiwa na leseni zote mkononi, kwa hiyo ulizia masaa yao kabla hamjaanza safari.