Otopailoti haisomi dira: pima waya kabla ya kununua kompyuta

Mkuu, umesema boti yako iko Pangani, otopailoti (kifaa kinachoshika usukani chenyewe) inawaka lakini inagoma kushika uelekeo kwa kuwa haioni dira, na fundi anataka ununue kompyuta mpya ya otopailoti. Usitoe hela kwanza. Mimi ni fundi umeme wa magari ya utalii hapa Arusha, na bosi mmoja mwenye wageni porini na pwani aliwahi kunipeleka Tanga kwa tatizo hilohilo.

Vifaa vya boti kama dira na otopailoti huunganishwa kwa mtandao wa waya uitwao NMEA 2000. Umejengwa juu ya CAN, njia ya vifaa kupeana taarifa kwa waya, ileile iliyomo kwenye magari yenye kompyuta. Kuna waya mkuu mmoja, vifaa vinaungwa kwa matawi yasiyozidi mita 6, na kila mwisho wa waya mkuu kuna kizibo chenye rezista (kipande kinachozuia umeme) ya omu 120.

Zima umeme wa mtandao kabisa. Chomoa kifaa kimoja, weka kipimo cha umeme kwenye omu kati ya pini ya waya mweupe na ya bluu. Ukisoma omu 60 hivi, vizibo vyote viwili vinafanya kazi. Ukisoma 120, kimoja hakishiki au waya mkuu umekatika. Ukisoma 40, kuna mtu kaongeza cha tatu. Boti ile ilisoma 120 ingawa vizibo vyote vilionekana mahali pake. Kufungua kimoja, pini zimeliwa na chumvi, kijani tupu. Huku kwetu tunapigana na vumbi na mtikisiko wa njia ya Serengeti. Huko maji ya chumvi yanapenya hata plagi inayoonekana imekazwa.

Omu zikiwa sawa, washa, pima volti kati ya waya mwekundu na mweusi kwenye kiungo cha mbali kabisa. Chini ya volti 9 vifaa vinazimika. Usidanganywe na skrini kuwaka: otopailoti nyingi zina laini yake ya umeme kwa ajili ya mota ya usukani, kwa hiyo zinawaka hata mtandao ukiwa umekufa.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapowaonea wenye boti, na inaniuma. Otopailoti ndiyo inayolalamika kwa sababu inasubiri taarifa. Dira ikifa, inakaa kimya tu. Fungua orodha ya vifaa kwenye skrini ya ramani. Dira haimo, shughulika na tawi lake. Imo, angalia otopailoti imechaguliwa isome dira ipi.

Majaribio yafanye boti ikiwa imefungwa, si mlangoni mwa mto. Ukishapima, weka hapa omu na volti ulizopata, pamoja na orodha ya vifaa vyote vilivyo kwenye waya.