Taa ya ndani ya gari la Toyota IST kutowaka mlango wa dereva ukifunguliwa

Mkuu, kama ulivyosema mwenyewe, ukifungua milango mingine taa inawaka, ila wa dereva ndio inagoma. Basi fyuzi na balbu ni nzima, na huyo fundi anayetaka kukuuzia taa mpya ya juu mwambie asubiri.

Shida iko kwenye swichi ya mlango. Fungua mlango, utaona kitufe chenye kofia ya mpira kwenye nguzo ya bodi, kimeshikwa na skrubu moja. Hicho cha dereva ndicho kinachotumika kuliko vyote, kwa hiyo vumbi na kutu huanzia hapo. Fungua skrubu, vuta taratibu, na kabla hujachomoa soketi bana waya kwa kibanio cha nguo. Waya ukirudi ndani ya bodi utautafuta mpaka jioni.

Kama swichi ina waya mmoja tu, ujue chanya inafika kwenye taa muda wote, swichi kazi yake ni kuipa hasi kupitia bodi. Kitufe cha taa ya juu kikiwa kwenye DOOR (yaani iwake mlango ukifunguliwa), gusisha ncha ya waya kwenye chuma kisicho na rangi. Ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Piga msasa mwepesi kwenye chuma chake na pale skrubu inapokaa, maana hasi inapita hapohapo. Isipopona, nunua swichi ya mtumba.

Isipowaka, waya umekatika njiani. Hapo tafuta fundi umeme, siyo makenika.